Sahani ya Mwimbaji

Jumamosi ile soko la Makina, Kibera, lilifurika mpaka watu wakawa wanapita ubavu ubavu. Sella Nabalayo alikuwa amevaa sketi yake ya marinda yenye rangi ya maziwa, ambayo kwa kawaida aliivaa tu akienda mahali penye viti. Alikuja kutafuta fundi wa kushona sare za kwaya. Alichokipata kwanza ni msumari wa kibanda cha mchinjaji. Msumari ulishika rinda, yeye akapiga hatua, na kitambaa kikapasuka kwa sauti iliyoishinda redio ya jirani.

"Pole, madam," mtu akamwambia kutoka kwenye baraza la mafundi. "Usigeuke. Ingia hapa nyuma ya vitenge."

Alikuwa kijana mrefu mwenye tepu ya kupimia shingoni, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama wima, na suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi la baraza. Sella aliingia nyuma ya vitenge vilivyoning'inia, mkono mmoja umeshikilia nyuma ya sketi.

"Ishone hivi hivi nimesimama. Nina haraka."

"Hapana. Sishoni nguo mwilini mwa mtu. Vua, nikupe leso ujifunge."

"Kwani mwili wangu una nini?"

"Mwili hauna neno. Ni nguo. Ikiwa mwilini inamdanganya fundi, inaonekana imekaa sawa. Ukiivua ndiyo unaona ilivyopinda."

Fundi mwanamke wa cherehani ya pili, Syokau, akacheka bila kuinua kichwa. "Dalmas, wateja wako wote unawahubiria, au ni wenye sketi nyeupe tu?"

Sella akavua, akajifunga leso, akakaa pale nyuma kama mtoto aliyeadhibiwa. Cherehani ikaanza kulia, na juu ya mlio wake ikapanda sauti ya mwanamume anayeimba. Ilikuwa teno safi, iliyopanda juu bila kukaza shingo. Sella alisahau haraka yake. Kwaya yake ya Kawangware ilikuwa na teno wanne, na wote waliimba kama wanaobishana na kondakta wa basi.

"Wewe unaimba kanisa gani?" akauliza kupitia vitenge.

"Hakuna. Kwaya ya huku imejaa. Nimeambiwa ningoje mtu ahame au afe."

"Njoo kwetu Kawangware. Mimi ndiye mwalimu wa kwaya."

"Mwalimu gani anakaa amevaa leso?"

"Huyo huyo aliyepasuliwa sketi na soko lenu."

Hivyo ndivyo Dalmas alivyopata kazi ya sare na kiti katika safu ya teno kwa siku moja. Kitenge kilikuwa cha samawati chenye ndege wadogo wa manjano. Alipokuwa akikikata, Sella alisimama kando akimtazama anavyozungusha mkasi kumpisha kila ndege. "Ndege hakatwi shingo," Dalmas alisema. "Ukimkata, mshono wote utaonekana wa mlevi."

Baada ya hapo simu zilianza. Sella alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini, na mpokeaji simu, Kanini, alikuwa na masikio marefu.

"Sella, Kibera iko kwa laini," alimwambia kila adhuhuri. "Na leo amesalimia vizuri sana, sijui amekula nini."

"Nyar Bungoma," Dalmas alisema, akimwita binti wa Bungoma kwa Kijaluo, kutoka kwenye kibanda cha simu, magari yakipiga honi nyuma yake. "Nimemaliza gauni lako la kwaya. Kiuno nimekikisia tu, kwa sababu mwenyewe ulikataa kupimwa."

"Umekisia kwa macho gani?"

"Haya haya. Ikikubana nitajua nimekosea, isipokubana utajua nimekuwa nikikutazama."

"Wewe una mdomo, fundi."

"Na ni wako, mpenzi, mpaka sarafu iishe." Kisha laini ikakatika, na Sella akabaki na kipokezi sikioni akijifanya anaandika maagizo.

Gauni halikumbana.

Walipendana kwa miguu, kama wapenzi wengi wa Nairobi wa miaka ile. Dalmas alivuka kutoka Kibera kwenda mazoezini, na baada ya mazoezi Sella alimsindikiza mpaka Kabiro inapoishia, kisha Dalmas akamrudisha, kisha wakasindikizana tena mpaka mama mwenye nyumba alipofungua dirisha na kukohoa. Dalmas hakuwa mtu wa maswali mengi. Alichofundishwa na Sella alikiimba. "Wewe ni mwalimu," alisema. "Mimi nafuata chaki."

Sasa, Padre Renzo wa parokia yao alikuwa anakaribia kustaafu na kurudi Italia, na mama yake mzazi, kikongwe, alikuwa anakuja kumwona akiwa bado madhabahuni. Mwenyekiti wa kwaya, Wangila, akapata wazo: wamwimbie Padre wimbo wa kwao, bila yeye kujua. Khamala, mpishi wa Padre, aliufahamu mmoja. Padre aliuimba mdomo umefungwa kila alipopalilia sukuma yake. Khamala alimwomba amwandikie maneno bila kumwambia ni ya nini, na sauti yenyewe akaileta kichwani.

"Na bahati yetu," Wangila akawaambia wanakwaya, "mwalimu amesoma Kiitaliano."

Wote wakamgeukia Sella. Hapo ndipo angesema. Ukweli ni kwamba alikwenda darasa la jioni mjini kwa majuma machache, akajifunza kusalimu na kuhesabu, kisha kazi ikambana akaacha. Lakini tangu siku hizo alimshukuru mwenye duka kwa "grazie" na kumuaga mchinjaji kwa "ciao", na Kawangware ikamvika taji ambalo hakulivua. Alikuwa na diploma yake ya kupiga chapa, alikuwa na ulimi wake aliojivunia, na hakujua kusema sijui.

"Nitawapangia," akasema.

Aliandika noti za solfa ubaoni, na chini yake maneno:

*Rondine piccola, torna quaggiù,*
*la tavola è pronta, manchi solo tu.*

Akayakata silabi kwa sikio lililomlea. Ro-ndi-ne, alivyokata ba-nda na ka-nda. Pi-cco-la. Na mkazo akauweka pale Kiswahili kinapouweka kila siku, silabi ya pili kutoka mwisho: ro-NDI-ne, pi-CCO-la, ta-VO-la. Pigo la wimbo lilipokataa kuangukia hapo, akaisukuma silabi ya kwanza ipite mapema, kama mtu anayemsukuma mgeni ndani ya nyumba kabla hajavua viatu.

Wimbo ulikuwa wa mwimbaji mmoja, kwaya ikiitikia. Sella akampa Dalmas.

"Maana yake nini?" Dalmas akauliza wakisindikizana.

"Ni... ndege wa Bwana anaruka kwenda mbinguni."

"Vizuri. Na kuna sista Mwitaliano pale Riruta, si ndiyo? Nimewashonea mapazia. Tumwendee atusikilize kidogo?"

"Kwa nini? Huniamini?"

"Nakuamini. Nasema tu sikio la pili halidhuru."

"Dalmas, ukitaka kufundishwa na Riruta, nenda ukaimbe Riruta."

Akacheka, akamshika kidole kimoja. "Yameisha, mwalimu. Nafuata chaki."

Jumapili ya kuaga ikafika. Ukumbi wa kanisa ulipambwa kwa karatasi za rangi, sufuria za pilau zikajipanga nje, na kwenye meza ya mbele Padre akaketi na mama yake, mwanamke mdogo aliyevaa nguo nyeusi tupu, miguu haigusi sakafu. Kando yao walikaa wageni wengine kutoka Italia, wapwa wa Padre na wake zao, wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kwaya ikaingia kwa samawati na manjano. Dalmas akasimama mbele. Sare yake ilimkaa mpaka kina mama wa mstari wa mbele wakasukumana viwiko.

Akaimba.

Sauti ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na kwa sababu ilikuwa nzuri kila kosa lilisikika wazi. Kwenye *rondine* mpwa mmoja aliinua kichwa. Kwenye *piccola* alimgusa mkewe. Dalmas alipofika kwenye *tavola* safu nzima ilikuwa imeziba midomo kwa vitambaa, mabega yakitikisika, na kijana mmoja akashindwa kabisa, akacheka kwa sauti. Padre alikuwa mwekundu. Kikongwe peke yake hakucheka. Aliinama mbele, mkono nyuma ya sikio, machozi yakimtiririka.

Wimbo ukaisha. Wakapiga makofi ya huruma. Padre akasimama, akajaribu kulainisha mambo. "Asanteni, wanangu. Mmenishangaza. Lakini niambieni, nani aliwafundisha Kiitaliano cha namna hii?"

Aliuliza kwa mzaha, lakini macho yote yakamwendea Sella. Angeweza kusema ni mimi. Yalikuwa maneno mawili tu.

"Utusamehe, Padre," akasema, na kinywa chake kikatabasamu. "Mimi nilimfundisha vizuri. Lakini mwimbaji wetu ni wa kutoka Kibera, Mjaluo, ulimi wake ni mzito. Neno likiingia huku, linatoka vingine."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kicheko cha watu waliopewa ruhusa.

Dalmas hakumtazama. Alishika mikono nyuma, akainama kidogo kuelekea meza ya mbele.

"Samahani, Padre. Ni ulimi wangu."

Kisha akatoka kwa mlango wa pembeni, bila haraka.

Chakula kikaja. Yule kikongwe akasema jambo, akaashiria mlango, akasema tena. Akavuta kiti tupu karibu naye, akaweka sahani juu ya meza mbele ya kiti hicho na mkono wake juu ya kiti chenyewe. Mmoja wa wapwa alipotaka kukaa, alimfukuza kwa kijiko. Sella aliyaona yote asielewe. Watu walikuwa wakimpa mkono na kumwambia pole, mwalimu, si kosa lako. Yeye akala. Akala pilau, akaongeza, kwa sababu mdomo uliojaa hauulizwi kitu. Mpaka wageni wanaondoka, ile sahani ilikuwa imebaki safi vile vile.

Adhuhuri ya kesho yake simu haikulia. Wala siku iliyofuata.

"Kibera wamekatiwa laini?" Kanini akauliza. Alipoona uso wa mwenzake akarudi mezani kwake.

Sella akapiga mwenyewe, kwenye duka la Mutiso lililokuwa jirani na baraza la mafundi. Alisikia Mutiso akiita, alisikia cherehani zikilia, akasikia moja ikinyamaza.

"Hallo."

"Dalmas. Ni mimi."

"Habari ya kazi, mwalimu."

Mara zote alilitamka neno hilo kwa kumchokoza. Leo lilikuwa cheo tu.

"Nataka kuja tuzungumze."

"Sare yangu nitaituma, usijisumbue. Nimeifua."

"Sikuulizia sare."

"Basi Mutiso anataka simu yake." Kipokezi kikarudishwa polepole. Ule upole ulimuuma Sella kuliko kama kingebamizwa.

Jioni ile hakwenda nyumbani. Alikwenda Riruta, akamkuta Sista Agnese uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Sista alikuwa mzee, Kiswahili chake kimekomaa. Sella alimwimbia wimbo kama alivyoufundisha. Aliimba vibaya, sauti ikikatika.

Sista akaweka ungo chini. "Nani amekufundisha hivi?"

"Ni mimi," Sella akasema. Hapa, mbele ya maharagwe, yalitoka upesi.

"Haya. Sikiliza." Akachukua mwiko, akagonga ukingo wa ungo. "Kiswahili chenu ni mtu mwenye adabu. Kila siku anakanyaga mahali pamoja. Kiitaliano ni mbuzi. Mara nyingi anakanyaga hapo mnapokanyaga ninyi, lakini siku nyingine anaruka nyuma zaidi: RON-di-ne, PIC-co-la, TA-vo-la. Siku nyingine anaangukia mwisho kabisa: quag-GIÙ. Huwezi kumkisia, lazima umwulize mwenye mbuzi."

"Na ron-di-ne, hiyo n inabaki na ro?"

"Inabaki. Na c mbili za piccola huzitupi upande mmoja. Moja inakaa huku, moja kule, kama nguo mbili kwenye mshono. Ukiacha moja, inafumuka."

Sella akafikiria mkasi ukiwapisha ndege. "Na maana yake?"

"Mbayuwayu mdogo, rudi huku chini. Meza iko tayari, umekosekana wewe tu." Sista akaanza tena kuchambua. "Huwaimbia watoto wanaochelewa kuja kula. Mama yake Padre alitulalamikia sana. Alimtaka yule kijana aketi kando yake. Alisema, ameniimbia meza iko tayari halafu ninyi mkamwacha aende na njaa."

Sella aliinamisha kichwa akachambua maharagwe pamoja naye, mazuri na mabovu akiyachanganya, mpaka Sista akamwondolea ungo.

Kwenye mazoezi yaliyofuata Wangila alisimama kutangaza kwamba kamati imemsimamisha Dalmas kwa kuiaibisha kwaya.

"Aliimba nilichomfundisha," Sella akasema. "Silabi kwa silabi. Kiitaliano sikijui. Niliwadanganya ninyi, nikamdanganya Padre, nikamtupia yeye lawama."

Alingoja wamzomee. Magdaline wa alto akajikuna shingo.

"Mwalimu, kaa chini. Hilo tulilijua zamani."

"Mlijua nini?"

"Darasa lako la mjini. Binamu yangu mlisoma naye, alisema ulimaliza kabla hujaanza. Lakini wewe ni wetu. Yeye alikuja tu."

Wengine wakaitikia kwa vichwa, kwa wema kabisa. Na ndipo Sella alipoona aibu yenyewe ilivyo kubwa. Hakuwadanganya. Aliwapa tu walichokuwa tayari kukipokea, na mtu mmoja akakilipia. Aliweka chaki juu ya ubao, akatoka.

Jumamosi soko la Makina lilifurika tena. Sella alivaa gauni la kawaida la kahawia na viatu vya chini, mkononi mfuko wa karatasi. Mafundi walipomwona walipunguza mwendo wa miguu, cherehani moja baada ya nyingine, mpaka ya Dalmas ikawa inalia peke yake.

"Fundi."

"Mwalimu."

Akaweka mfuko juu ya meza ya kukatia. Dalmas akachungulia: gauni la samawati, ndege wa manjano.

"Limepasuka wapi?"

"Halijapasuka. Nimelivua. Ulisema hushoni nguo mwilini mwa mtu."

Cherehani ikaendelea kulia. Sella akainama kwake. "Ile Jumapili kosa lilikuwa langu. Sikukijua Kiitaliano, na nilipoulizwa nikasema ni ulimi wako, nikataja na kabila lako, ili nisichekwe."

"Sema kwa nguvu," Syokau akasema kutoka cherehani ya pili. "Huku tulisikia ile nyingine mpaka Kibera. Hii mbona unatunong'onezea?"

Sella akageukia baraza zima, wateja, mchinjaji, na mwenye redio aliyekuwa ameipunguza, akarudia yote, neno kwa neno, kwa sauti ya kufundishia. Hakuna aliyecheka. Kungekuwa na nafuu kama wangecheka.

Dalmas alikata uzi kwa meno. "Ule wimbo, maana yake nini hasa?"

"Mbayuwayu mdogo, rudi huku chini. Meza iko tayari, umekosekana wewe tu."

"Si ndege wa Bwana?"

"Niliyatunga hayo. Yule mama alikuwekea sahani, Dalmas. Ulipotoka. Alikivuta kiti karibu naye, akakilinda mpaka mwisho."

Mguu wake ukasimama juu ya pedali. "Aliniwekea sahani?"

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe ulikula?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini, zuri, limenyooka. "Nilikula," akasema. "Nikaongeza."

Kwa mara ya kwanza Dalmas alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kuamua kama kitafaa.

"Hebu liseme vizuri," akasema. "Hilo la ndege."

Sella akagonga meza kwa vidole. "RON-di-ne."

"RON-di-ne," akarudia, pedali ikishuka kwenye mkazo. "PIC-co-la." Akatikisa kichwa. "Kumbe lilikuwa tamu. Nililiimba kama mtu aliyeteguka."

"Nilikutegua mimi."

"Bado nina hasira, Nabalayo."

"Najua."

"Hata Jumamosi ijayo nitakuwa nayo."

"Nitakuja kuiona."

Syokau alikuwa ameshafungua sufuria, ugali na omena, mvuke ukapanda katikati ya vitenge. Dalmas akaviondoa vitambaa juu ya meza ya kukatia, akalikunja lile gauni la samawati akaliweka rafuni pamoja na kazi ambazo hazijaisha. Akavuta kigoda cha mteja kwa mguu mpaka kikagusa pindo la gauni la kahawia. Kisha akachukua birika, akasimama mbele yake, akangoja mpaka Sella alipoelewa na kunyoosha mikono.

"Nawa," akasema.

Sella akanawa, maji mengine yakamwagikia viatu. Dalmas aliendelea kumimina, polepole, mpaka maji yakaisha.